Kufungua Mwenyewe au Kumpelekea Fundi: Hatari Iko Wapi Hasa?

Nyuma ya karibu kila televisheni pana pembetatu yenye alama ya radi, na chini yake onyo kwamba mfuniko usifunguliwe ila na fundi aliyehitimu. Onyo hilo wengi hawalijali, na sababu zao zinaeleweka. Sabufa imenyamaza wikiendi, fundi anataka hela ya kuangalia tu kabla hajagusa chochote, na kwenye simu ipo video ya mtu aliyeitengeneza ya aina hiyohiyo kwa bisibisi moja. Wapo wanaosema fungua, hakuna mchawi ndani. Wapo wanaosema ukifungua umejichimbia kaburi. Kwa maoni yangu kila upande una hoja, ila wote wanagombania mstari uliochorwa mahali pasipo pake.

Tuanze na wanaokataza, maana hesabu iko upande wao. Umeme wa ukutani kwetu ni volti 230. Ukiingia kwenye pawa saplai ya televisheni bapa, yaani bodi inayopokea umeme wa ukutani, diodi zinaugeuza kuwa umeme wa mkondo mmoja (DC) wa volti 325 hivi, na unakaa kwenye kapasita, kifaa cha kuhifadhi umeme, nene na iliyoandikwa 400V au 450V. Plagi ikichomolewa, umeme huo hautoki papo hapo. Kwenye kifaa kizima, saketi yenyewe inaumaliza haraka. Kwenye kifaa kibovu, hasa kile ambacho pawa saplai yake haiwaki kabisa, hakuna kinachoutumia, na unaweza kukusubiri kwa dakika kadhaa au zaidi. Kwa hiyo kifaa kinachoelekea zaidi kukupiga shoti baada ya kuchomolewa ni kilekile ulichokifungua kwa sababu hakiwaki. Video nyingi za mtandaoni huruka hapo.

Wanaotetea nao wana la kusema. Mafundi wengi wa mtaani hawakuanzia darasani. Walikaa kibandani kwa fundi mwingine wakishika taa na kulehemu waya. VETA yenyewe, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: mtu aliyejifunza kazini anapimwa, akifaulu anapewa cheti. Isitoshe, ubovu mwingi wa majumbani hauko kwenye umeme mkali: waya uliokatika shingoni mwa plagi, kitufe kilichochoka, soketi ya spika iliyolegea, vumbi lililoziba feni. Kumkataza mtu mzima kugusa vitu hivyo ni kumfanya alipe bure, au atupe kifaa ambacho kingeishi miaka mingine mitano.

Umoja wa Ulaya ulikutana na ubishi huuhuu ulipotunga kanuni zilizoanza kutumika Machi 2021. Watengenezaji wa televisheni walitakiwa kuhakikisha vipuri vinapatikana kwa miaka isiyopungua saba, lakini si vyote kwa kila mtu. Rimoti na adapta ya nje ni kwa mteja yeyote. Pawa saplai ya ndani na kapasita ni kwa mafundi wa kazi hiyo. Unaweza kusema ni ubaguzi. Mimi naona angalau hapo mstari umepita kwenye sehemu ya kifaa, wala haukupita kwenye mfuniko.

Tahadhari zinazotajwa sana hazina uzito sawa. Kuvaa viatu vyenye soli ya mpira kunasaidia umeme ukitaka kupita mwilini kwenda ardhini. Hakusaidii kitu mkono mmoja ukiwa kwenye laini (waya unaoleta umeme) na mwingine kwenye nyutro (waya unaourudisha). Swichi ya kinga ya miliampea 30 kwenye boksi la umeme nayo ni hivyo hivyo: inakata umeme unapovuja kwenda ardhini, lakini ukishika nyaya zote mbili inakuona kama balbu tu. Ndiyo maana mafundi wazee hupima kwa mkono mmoja, mwingine wameuweka mfukoni. Inaonekana kama maringo, kumbe ndiyo tahadhari ya maana kuliko viatu.

Kapasita nayo, ili kuimaliza umeme uliobaki, wengi huilaza bisibisi kwenye miguu yake miwili, ikapiga cheche na mlio. Inafanya kazi, ila inaacha shimo kwenye bisibisi na wakati mwingine inaua vitu vingine kwenye bodi. Resista (kizuizi cha mkondo) ya waya ya omu 2,200 na wati 10, iliyounganishwa nyaya zenye mpira, inaumaliza umeme huo kwa sekunde chache bila kelele. Kisha unapima kwa mita upande wa DC. Kama mita hauna, basi bodi ya pawa si ya kwako.

Maikrowevu ni habari nyingine, na hapa naungana na wanaokataza bila masharti. Transfoma yake inatoa volti 2,000 hivi, na ina nguvu ya kusukuma mkondo wa kuua bila kusita. Ile swichi ya kinga haioni kinachotokea upande wa pili wa transfoma. Marekani watu wametoa transfoma hizo kwenye maikrowevu mbovu ili wachome michoro kwenye mbao, na kadhaa wamekufa. Taa ya ndani imeungua? Mpelekee fundi.

Jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka ni usalama wa kifaa baada ya kutengenezwa. Anayefungua anahatarisha mwili wake; anayekirudisha vibaya anahatarisha nyumba nzima, na waliolala ndani hawakuulizwa. Fyuzi ndiyo mfano wa kila siku. Itoe uiangalie kwenye mwanga. Kioo kikiwa safi na uzi umekatika tu, huenda imechoka. Kioo kikiwa cheusi, au kimepakwa kama fedha kwa ndani, kuna shoti mbele yake, na fyuzi mpya itaungua vilevile. Hapo ndipo mtu, awe mwenye nyumba au fundi, anaposhawishika kuunga uzi wa waya mahali pake. Kifaa kinaweza kuwaka vizuri miezi kadhaa, kisha siku shoti inaporudi hakuna cha kukata umeme isipokuwa waya wenyewe kuungua.

Kwa hiyo ukikabidhiwa kifaa, usiishie kuuliza kama kinawaka. Mwambie fundi akuonyeshe fyuzi aliyotoa na aliyoweka, namba zifanane: ya ampea 3.15 isirudishwe ya 10. Kama plagi ilikuwa na waya wa ethi (wa kwenda ardhini), hakikisha bado umeunganishwa. Akikujibu kwamba ameunga moja kwa moja ili isikusumbue tena, mrudishie, na hela ya kazi ikae mfukoni kwako mpaka fyuzi irudi.