Sikupandisha Majini, Ni Ganda la Risasi

Jamani, nisikilizeni kabla hamjaforwadi tena. Mudi ameitupa ile klipu yangu nikirusha mateke kwenye kila grupu analolijua, akaandika "fundi bunduki kapandisha majini". Leo asubuhi mama ntilie wangu kaniwekea chapati, kanitazama kwa huruma, kauliza kama nimeshaenda kusomewa. Sijapandisha chochote. Klipu imeanzia mwishoni, na Mudi anajua.

Bunduki yenyewe ni ya mzee mmoja wa Upanga, kaachiwa na baba yake. Mitutu miwili ubavu kwa ubavu, imetengenezwa Birmingham, Uingereza, inakula risasi ya .470 Nitro Express. Wenzangu wa fani mmeshameza mate. Kwa wengine: kichwa cha risasi hiyo kina gramu 32 na ushee, kinatoka kwa mwendo wa mita 650 hivi kwa sekunde, na nguvu yake ni zaidi ya mara tatu ya risasi ya AK-47. Nyati na tembo ndio waliokusudiwa.

Ila hakuna anayeipenda kwa hesabu hizo. Inapendwa kwa macho. Kitako ni mbao ya mjozi iliyosuguliwa mafuta ya kitani tabaka juu ya tabaka, mpaka ile mistari myeusi ya ndani imeng'aa. Chuma kimejaa nakshi za maua na majani yaliyosokotana, zote za mkono. Ubavu wa kulia kachorwa tembo, wa kushoto simba. Tembo kapatiwa. Simba ana uso wa mtu anayedaiwa kodi ya nyumba. Nadhani mchoraji hakuwahi kumwona. Halafu skrubu: mifereji ya vichwa vyake yote imelala upande mmoja, kufuata mitutu. Zikumbukeni hizo skrubu.

Mzee hachoki kunikumbusha kwamba Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, alipokuja kuwinda Afrika Mashariki mwaka 1909 alikuja na ya mitutu miwili ya watengenezaji wa London, Holland & Holland, zawadi ya marafiki zake Waingereza. Namwitikia, "Naam, Mzee." Leo ya daraja la juu kutoka London, mpya, inapita pauni 100,000, na unaisubiri kwa miaka.

Watu wanadhani pesa yote imeingia kwenye nakshi. Nyingi imeingia kwenye kulinganisha mitutu. Ukiiunganisha sambamba kabisa, risasi hazitui pamoja, maana kila mtutu ukilia unaisukuma bunduki juu na pembeni kwa upande wake. Kwa hiyo midomo ya mbele inasogezwa ikaribiane kidogo. Fundi analehemu, anapiga shabaha, anayeyusha lehemu, anasogeza kabari kiduchu, anapiga tena, hivyo hivyo mpaka za kulia na za kushoto zitue mahali pamoja. Na kazi hiyo yote ni kwa aina moja tu ya risasi. Badilisha baruti au uzito wa kichwa, kila mtutu unashika njia yake. Hicho ndicho Mzee alichotaka kujua: mpwa wake anakwenda nayo kitalu cha uwindaji kutafuta nyati, je, kwa risasi mpya za dukani mitutu bado inaelewana?

Nikamwomba niifungue ndani kwanza. Akang'aka. "Kijana, hizo skrubu hazijaguswa tangu enzi za marehemu baba." Hofu yake naielewa. Mifereji ile ni myembamba mno. Bisibisi ya kawaida ya Kariakoo haijai, inateleza, na ikiteleza inapita juu ya nakshi. Inatakiwa bisibisi iliyochongwa kwa kipimo cha mfereji huohuo. Ninazo. Hakutaka hata kuziona. "Ipige kwanza, ndipo tujue kama inahitaji kufunguliwa."

Na vile vibao vya tembo na simba? Pambo tupu. Kwenye bunduki ambazo mitambo yake kweli iko ubavuni, nyuma ya kibao ndiko kwenye kazi, na aghalabu kuna kishikio cha pili cha kudaka nyundo, kile chuma kinachoifanya risasi ilie, ikichomoka yenyewe. Yetu mitambo yake iko katikati, kwa mtindo wa mafundi Anson na Deeley wa mwaka 1875. Mtindo imara sana, siusemi vibaya, lakini kishikio cha pili yetu haina. Simba analinda chumba kitupu.

Basi, tuko uwanja wa shabaha, saa tano ya jua, joto la Dar mnalijua. Mzee kakaa nyuma yangu kwenye kiti cha plastiki, chupa ya chai miguuni. Mudi kaja kushangaa. Nimepakia mbili. Kidole kiko triga ya mbele, ambayo ni ya mtutu wa kulia. Ya nyuma ni ya kushoto. Nalisema hili taratibu kwa sababu Mudi anaapa kwamba nilivuta zote.

Nikavuta ya mbele.

Msukumo wa kwanza niliutegemea, niliusubiri kwa bega. Nikiwa bado narudi nyuma nao, mtutu wa kushoto ukalia wenyewe. Risasi ya kwanza ilitua kwenye karatasi. Ya pili ilichimba tuta juu kabisa. Mimi nikaanza safari. Kisigino kilitangulia kutafuta ardhi, kikakuta chupa ya chai. Kofia ilibaki hewani pale nilipokuwa nimesimama. Mtu mwenye akili akianguka hutupa alichoshika, akaweka mikono chini. Mimi niliwaza mjozi na kokoto. Nikaiinua bunduki juu kwa mikono miwili kama mtoto anayevushwa mafuriko ya Jangwani, nikaacha mgongo, makalio na kisogo vijitegemee.

Vikajitegemea.

Nimelala chali, mitutu nimehakikisha inatazama tuta, nasikia miguu inakimbia. Nikasema alhamdulillahi, watu wangu hawa. Mzee, ambaye ngazi tatu tu humlalamisha magoti, alifika wa kwanza. Akaniruka. Akaichukua bunduki. "Imepata mkwaruzo?" Msimamizi wa uwanja akainama: "Bado, Mzee." Mudi naye: "Tembo mzima kabisa." Nikauliza, na mimi je? Walikuwa wanamwangalia simba.

Sasa bunduki za hadhi hii zina springi ya kutema maganda. Ukiifungua, ganda la mtutu uliolia linarushwa nyuma, linapita juu ya bega, ili upakie upesi nyati akiwa njiani kwako. Lisilolia linainuliwa tu. Na Mzee kasimama mbele ya uso wangu, kaelekeza mitutu kwenye tuta, kaifungua.

Ting, ting.

La kwanza lilikwenda zake. La pili, shaba ya sentimita nane, moto, lilipanda, likajigeuza, likameta juani. Nilipata muda wa kutosha kukumbuka kwamba vifungo vya juu vya shati sikuvifunga. Likaingia. Likashuka kifuani bila haraka, likapita tumbo, likatua kwenye mkanda, likakaa.

Hapo ndipo Mudi alipowasha kamera. Yale mateke, ile sauti nyembamba, kule kujipigapiga tumbo, na lile neno nililolitamka mbele ya mtu mzima, yote ni ganda. Si ruhani, si kibuki.

Yaliyofuata ni mafupi. Bega limegeuka zambarau, nalichua. Mzee akakubali skrubu ziguswe. Ndani nikakuta gundi. Kwa kuogopa kutu ya pwani, kila Ijumaa Mzee aliidondoshea mafuta ya cherehani, kisha akaisimamisha kabatini mitutu ikiwa juu. Mafuta yanateremka, yanagandia kwenye mitambo, yanailainisha mbao ya kitako. Kishikio cha nyundo ya kushoto kilikuwa kimeegemea utando wa mafuta, hakijazama kwenye pengo lake; mtikisiko wa mtutu wa kulia ukakichomoa.

Wenye nazo: mafuta kidogo sana, futa, na isimame mitutu chini juu ya kitambaa. Kabla hujapakia mbili, weka risasi kulia na ganda tupu kushoto. Piga ya kulia, kisha vuta triga ya nyuma. Ukisikia "ka", nyundo ilikuwa imeshikwa. Ikiwa kimya, ilishaanguka yenyewe, mpelekee fundi. Mnaotaka kuniuliza kwa nini sikuanza na hilo, ulizeni lingine.

Nimeisafisha, nimeijaribu hivyo, "ka" ipo. Mzee kapiga simu muda huu. Kaona mstari mwembamba kwenye sikio la tembo, anasema ni kifungo changu. Kesho anataka niende Upanga na lile shati, alipime.