Korea mbili: ziungane au kila mtu abaki kwake?

Kuna kambi mbili kwenye hii ishu ya Korea na zote zina hoja. Ya kwanza inasema hawa ni ndugu waliotenganishwa na wakubwa, waachwe waungane. Kihistoria huwezi kuipinga sana. Agosti 1945 Japani ikiwa inakaribia kusalimu amri, maofisa wawili wa jeshi la Marekani, Dean Rusk na Charles Bonesteel, waliambiwa usiku watafute pa kugawana na Wasovieti, wakachukua ramani ya National Geographic na ndani ya nusu saa hivi wakachagua latitudo ya 38, Mkorea hata mmoja hakuulizwa. Nchi iliyokaa pamoja zaidi ya miaka elfu ikakatwa hivyo hivyo. Yule mfalme Jumong mnayemjua kwa series za Kikorea, kaburi linalosemwa ni lake liko nje kidogo ya Pyongyang, waigizaji wa Seoul wanaigiza maisha yake ila kwenda kuliona ndo hawawezi.

Ila kuwatupia wakubwa lawama zote nako ni kujidanganya. Mwaka 1948 kila upande uliunda serikali yake na kila moja ikadai nchi nzima ni yake. Tarehe 25 Juni 1950 Kim Il Sung, kiongozi wa Kaskazini, akishapata ruhusa ya Stalin wa Urusi ya Kisovieti, akavusha jeshi. Syngman Rhee wa Kusini naye hakuwa malaika, alitaka sana kwenda Kaskazini kwa nguvu, na vita iliposimama 27 Julai 1953 upande wake ulikataa hata kusaini. Mpaka leo kuna karatasi ya kusitisha mapigano tu, mkataba wa amani hamna.

Kambi ya pili inasema basi tena, ni nchi mbili, tukubali. Vijana wengi wa Kusini wako huku na sababu yao ni hela. Wakati Ujerumani inaungana, Wamagharibi walikuwa kama wanne kwa Mmashariki mmoja na bado iliwatoa jasho, Kusini ni wawili kwa mmoja, alafu kipato cha mtu wa Kusini kwa hesabu za benki kuu yao ni karibu mara 30 ya mwenzake. Kim Jong Un, kiongozi wa Kaskazini, naye mwishoni mwa 2023 akatangaza hawa sio ndugu tena ni maadui, mnara wa muungano Pyongyang ukabomolewa, na Oktoba 2024 barabara za kwenda Kusini zikalipuliwa.

Mimi niko karibu zaidi na kambi ya pili, ila sio kwa sababu za Kim. Hii ndoto ya muungano imegeuka kisingizio, viongozi wanaihubiri huku hata barua haivuki. Agosti 2018 kule mlima Kumgang, Kaskazini, mama wa miaka 92 alimkumbatia mwanae wa miaka 71 waliyepotezana kwenye vita, wakapewa masaa yasiyozidi 12 ndani ya siku tatu, alafu kila mtu akarudishwa kwake. Mikutano ya familia ya mwezi huo ndo ilikuwa ya mwisho mpaka sasa, na kati ya watu zaidi ya 130,000 waliojiandikisha Kusini kutafuta ndugu, wengi wameshafariki.

Wajerumani walifanya kinyume. 1972 Magharibi na Mashariki walisaini mkataba wa kutambuana, mwaka uliofuata wote wakaingia Umoja wa Mataifa, ziara zikaongezeka, na muungano ukaja baadaye wenyewe.

Kinachonipa shida ni katiba ya Kusini, ibara ya 3 inasema rasi yote ni nchi yao, na ndo maana anayetoroka Kaskazini akifika Seoul anahesabiwa raia, sio mkimbizi. Zaidi ya watu 30,000 wameingia hivyo. Ukisema ni nchi mbili kabisa, huyu mtoro wa Kaskazini anayekamatwa China leo, nani atasema ni raia wake? Hoja nzito hii, japo Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, waliusaini ule mkataba wa 1972 na bado wakagoma kufuta uraia mmoja wa Wajerumani wote, kwa hiyo Seoul inaweza kutambua serikali ya Pyongyang bila kuwatupa watu wake. Sasa hata wakifanya hivyo, Kim anahitaji adui wa Kusini kuliko anavyohitaji kutambuliwa naye, na kwa hilo sijaona mwenye dawa, sio Seoul wala Washington.