Nimelipa Elfu Sitini na Mbili Nilale Chini

Mimi nimezaliwa Karatina. Mlima Kenya nauona tangu nikiwa mtoto, asubuhi ukitoka kwenda choo cha nje unaupata hapo umesimama na theluji yake kichwani, bure kabisa, hakuna mtu anakuuliza risiti. Halafu mamangu akauza maziwa nisome, nikasoma, nikaja Nairobi, nikapata kazi, nikapata kitanda cha futi tano kwa sita na ile shawa ya kukupiga shoti kidogo ukigusa mfereji na mkono umelowa, yaani maendeleo. Sasa mniambie, mtu mwenye akili zake anatoaje elfu sitini na mbili ndio abebwe na lori arudishwe pale pale alikotoka, na akifika alale chini?

Ni chama kilinimaliza. Sisi kila Disemba tunagawana pesa, unanunua mbuzi, unanunua unga na mafuta ya kupika, unaenda ushago kama mtu. Mwaka huu mwenyekiti akaona picha mahali akaja amewaka ati tusigawane, twende ziara, siku nane, wanyama na mlima, mambo ya Naivasha, Nakuru, Nanyuki halafu tupande. Mimi nilikuwa nimetoka nje kidogo kupokea simu, kurudi nikapata tumepiga kura na mimi nimekubali.

Hiyo karatasi ya ratiba ilikuwa imeandikwa vizuri sana. Ati "utashiriki maisha ya kambi." Kushiriki! Mimi nikajua ni kuimba kando ya moto na mtu wa gitaa. Kumbe kushiriki ni zamu. Leo wewe ni vitunguu, kesho wewe ni vyombo, kesho kutwa unafagia lori. Na hema unajifungia mwenyewe, zile nguzo zake zinaingia kwa vitundu hivi vidogo na ukikosea moja inaruka inakupiga kwa pua. Usiku wa kwanza pale Naivasha nilijifungia hema likasimama kama mtu ameumwa na tumbo, na kando yangu kuna mzee Mjerumani wa miaka sabini na kitu na bibi yake, wao wameshamaliza zamani, wamekaa kwa viti wanakunywa chai wananiangalia kama televisheni.

Lakini wacha niseme juu ya vyombo, hapo ndio nilikasirika. Mnaosha kwa beseni tatu, ya kwanza sabuni, ya pili ya kusuuza, ya tatu imetiwa dawa ya kuua viini, hadi hapo sina shida, mimi ni mtu msafi. Sasa ya kukausha. Nikauliza kitambaa kiko wapi. Nikaambiwa hakuna kitambaa, vitambaa vinaeneza viini, hapa sahani inakaushwa na upepo. Nikasema sawa tuianike basi. Wapi! Unashika sahani moja mkono huu na nyingine mkono ule, unapeperusha juu chini juu chini mpaka zikauke. Watu ishirini tumesimama kwenye giza, mwanaume mzima na mvi zake, mhasibu, tunapiga mabawa na sahani kama bata wanataka kupaa na wamekataliwa na uzito. Na tumelipa! Mwenye kulipwa ni yule amekaa kwa lori anatuangalia.

Wanyama sitasema sana, wanyama ni wanyama. Hell's Gate tuliendesha baiskeli katikati ya punda milia na ngiri, huko unaruhusiwa, kwa kawaida hakuna simba huko, lakini nyati wako na hakuna mtu alinitajia nyati mpaka nikaona mmoja amesimama kando ya njia ananitazama kama namdai. Kiti cha baiskeli nacho kilikuwa kimetengenezwa na mtu hana makalio. Nakuru tukaona vifaru kweli, heroe nikaona wachache, gaidi wetu, yaani guide wa kutuonyesha njia, akasema ziwa lilipanda maji yakazidi na wengi wakahamia Bogoria, nikawaelewa, hata mimi mvua ya Nairobi ikiingia kwa nyumba nahama. Na hapo Nakuru nyani akaingia kwa lori kupitia dirisha akachukua chapo zangu tatu, akaacha kabeji. Yaani nyani mwenyewe amejua ya kuacha.

Mimi hata sijui kwa nini mtu wa Nairobi anaenda mbali kuona wanyama. Sisi tuko na mbuga hapa tangu 1946, unakaa kwa matatu Lang'ata Road ukibahatika unaona twiga juu ya ua, na 2016 simba walikuwa wanatoroka wanakuja hadi karibu na Mombasa Road, wanakufuata mpaka kwa foleni, huduma ya mlangoni.

Halafu Nanyuki. Tukapelekwa Ol Pejeta tukaona Najin na Fatu, mama na mtoto wake, hao ndio vifaru weupe wa kaskazini wawili pekee wamebaki dunia yote, yule dume wa mwisho, Sudan, alikufa 2018. Hapo nilinyamaza kidogo, si mchezo kuangalia kitu kiko viwili tu na vyote ni vya kike. Lakini nikaona pia wana askari wenye bunduki mchana na usiku, na mimi pale ploti yetu Umoja kila mwezi nalipia askari wa geti na juzi wamebeba betri ya gari yeye akiwa ndani ya kibanda anakoroma.

Sasa mahali nilikosea ni hapo Nanyuki asubuhi, kabla tuingie geti la Sirimon. Nikakumbuka sijamwambia Mathe kitu. Hajui hata nimetoka Nairobi. Nikamtumia meseji haraka haraka, lori linapiga honi, na hii simu yangu ukiandika Kizungu inakuandikia vitu zake, nikaamua Kiswahili tu. Nikaandika: "Mama usiwe na wasiwasi, tuko na gaidi mmoja na vijana wake sita, wametubebea kila kitu. Tunaingia msituni leo. Siku nne hutanipata kwa simu. Niombee."

Nikazima simu nihifadhi chaji.

Mlima wenyewe, siku ya kwanza ni barabara tu, unatoka geti mita 2,650 unafika kambi ya Old Moses mita 3,300, nikaona kumbe ni hivi, nikaanza hata kupigia wengine hadithi. Siku ya pili nikanyamaza. Kambi ya Shipton's iko mita 4,200 na kufika huko ni bonde moja refu limejaa mimea mikubwa kama kabeji imesomea ng'ambo, ati hiyo ni lobelia, usiku inajikunja kujikinga na baridi. Nikaiangalia inajikunja nikaona hata mmea uko na begi la kulalia nzuri kuliko langu. Buti nazo nilinunua Gikomba, muuzaji akaniapia ni saizi arobaini na mbili, ni arobaini na nne, nikajiambia nitavaa soksi mbili. Hizo soksi mbili zilikuwa zinakutana huko ndani zinagombana.

Na kuna pimbi. Hao wako kwa mawe pale kambini wanakungoja utoe njugu. Gaidi akatuambia ati pimbi ni ndugu wa ndovu, wanasayansi wamehakikisha. Nikamtazama huyo pimbi, ni kama sungura amekatwa masikio akaongezewa kitambi, nikasema kama huyo ni wa ukoo wa ndovu basi hata mimi kuna benki ni ya mjomba. Lakini ile njugu aliichukua na mamlaka, hapo ndio nikaona ukoo.

Kilele mnaamshwa saa nane usiku. Mtu anakuja anagonga, anakwambia amka chai. Maji kwa chupa yameganda. Kichwa kinaniuma kama kuna mtu anahamisha sofa huko ndani. Mnafungwa tochi kwa kipaji cha uso mnaanza kupanda kwa changarawe, hatua mbili mbele, moja inateleza inarudi, na gaidi mbele yetu anasema polepole, polepole, na mimi nataka kumwambia ndugu yangu hii si polepole ya kupenda, hii ndio spidi yote iko. Mahali fulani gizani nikasikia mtu nyuma yangu anasema "samahani" na Kiswahili cha kitabu. Ni yule mzee Mjerumani. Akanipita. Bibi yake naye akanipita, akanipa peremende.

Pale tukipumzika gaidi akatupigia hadithi ya Kisoi Munyao, yule alipeleka bendera ya Kenya huku juu 1963 tulipopata uhuru. Watu wakapiga makofi. Mimi nikawaza, huyo alitumwa na taifa. Mimi nimetumwa na chama cha watu kumi na wanne, na wawili kati yao walibaki Nanyuki na tumbo la kuhara.

Nikafika. Sitadanganya, jua lilitoka rangi ile ya chai ya maziwa mengi, mawingu yote yako chini, nikashika lile bango nikapigwa picha, nikalia kidogo nikasingizia upepo. Point Lenana, mita 4,985. Halafu nikageuka nyuma nikaona mwamba mwingine mkubwa umesimama, uko juu yetu kabisa.

Nikauliza, na hiyo?

Gaidi akasema hiyo ni Batian, mita 5,199, na ile ya kando ni Nelion, 5,188. Hizo zinataka kamba na mafunzo. Hapa tuko ya tatu.

Ya tatu! Elfu sitini na mbili, kucha ya kidole gumba imekuwa nyeusi, nimefikishwa nambari tatu! Mwenyekiti hakuniangalia usoni. Nikajitafutia jiwe nikakaa nikatazama upande wa Karatina, nikatafuta choo chetu. Mawingu.

Kushuka tukashukia upande wa Naro Moru na huko kuna tope limesimama wima, sijui tope linasimamaje wima lakini Mungu aliweza, nilishukia makalio karibu nusu ya njia. Wapagazi wananipita wamevaa gambuti za shilingi mia nane, begi langu kichwani, wanapiga stori. Kufika getini nikachomeka simu kwa lori. Ikawaka.

Simu arobaini na moja ambazo sikushika. Dada yangu Ciku peke yake kumi na saba. Meseji ya Mathe: "Waambie hao watu sina pesa lakini mbuzi wako." Meseji nyingine: "Chifu ameuliza ni msitu gani." Nyingine: "Kina mama wa kanisa wamefunga siku ya pili." Mama Brayo wangu, ambaye anajua vizuri niko wapi, ameandika tu, "Mathe yako ananiuliza maswali siyaelewi, unarudi na nyama?"

Nikapiga. Mathe akashika kabla hata iite, na sauti ya chini, ile ya mtu ako matangani.

"Umetoroka?"

Nikamwambia Mama, si gaidi wa bunduki, ni gaidi wa kuonyesha njia. Akanyamaza. Akasema, "Hao ndio wanaanza hivyo. Nipe huyo gaidi."

Nikampa. Kijana wa watu akashika simu na heshima, "Shikamoo Mama," halafu nikasikia wamehamia Kikuyu, halafu nikasikia jina la kanisa, halafu jina la mtu wa dairi, halafu kicheko. Dakika ishirini na tatu, salio langu. Mimi nimesimama hapo na soksi mbili zimelowa najaribu kuonyesha kwa mkono basi, inatosha. Aliporudisha simu Mathe alikuwa mtu mwingine kabisa.

"Kumbe ni kijana wa hapa tu Naro Moru. Hanywi. Na hana bibi."

"Mama."

"Mwambie Ciku aje nyumbani Jumapili. Ule mbuzi bado nimemfunga, sitamfungua."

Sasa ni Alhamisi, kucha imeng'oka, mwenyekiti ametuma picha ya Kilimanjaro kwa kikundi na mimi sijajibu. Ciku ananipigia tangu jana nasikia inaita tu. Na gaidi amenitumia meseji, ati, "Shemeji, habari ya magoti?"