Na chapati je?
Mwandishi wa makala moja ya ulaji bila nyama anasema ukiacha nyama na samaki kilo zinashuka zenyewe. Zenyewe? Mimi niko Igoma, Mwanza, sili nyama mwaka wa nne sasa (sato wa kukaanga pale Kirumba ndiye bado ananitesa kwa harufu), na miaka miwili ya kwanza niliongezeka kilo 7! Asubuhi chapati, mchana wali maharage, jioni mlima wa ugali wa muhogo, katikati michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na chai ya sukari. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kama kalori 120, na mchicha wangu ulikuwa unaogelea. Nilipopunguza ugali nikazidisha dengu na choroko, suruali zikaanza kulegea. Ila vitamini B12 msiisahau, kwenye majani haimo.