Sabuni Huja Baada ya Kula

Mwishoni mwa Machi 2023 nilishuka bandari ya Bukoba alfajiri, nimetoka Mwanza kwa meli, na kabla sijamwona ndugu aliyekuja kunipokea nikaiona ndoo. Ndoo ya buluu ya lita 20, yenye koki ya plastiki, imekaa juu ya kiti cha nondo. Pembeni kipande cha sabuni ya mche kimetiwa ndani ya wavu wa vitunguu na kuning'inizwa kwa kamba ili kisianguke chini. Binti aliyeisimamia hakuruhusu mtu kupita kwa kulowesha vidole tu. "Rudia, kaka. Katikati ya vidole bado, na kucha." Mwenzake nyuma ameshika kipimajoto cha paji la uso. Hakuna aliyelalamika. Mzee mmoja mbele yangu alinawa mpaka viwiko, kama anayejiandaa kwa swala.

Siku chache kabla, tarehe 21, Waziri wa Afya wa wakati ule, Ummy Mwalimu, alikuwa ametangaza kwamba ugonjwa usiojulikana uliokuwa ukiua watu Bukoba Vijijini ni Marburg, homa ya virusi iliyo ndugu wa Ebola. Ilikuwa mara ya kwanza kuthibitishwa nchini kwetu. Watu watano walikuwa wamekwisha kufariki, mmoja wao mhudumu wa afya.

Sisi watu wa Kagera tunajulikana kwa salamu. Mkono ukishikwa hauachiwi upesi. Unashikwa mpaka habari za wazazi, za migomba, za mvua na za watoto walioko mbali zote ziishe. Jioni ile shangazi yangu alinipokea mlangoni huku mikono ameificha ndani ya kanga. Machozi yalimlengalenga. "Nisamehe baba," akaniambia, "leo nakusalimia kwa macho." Nimeiandika hapa kwa sababu watu wakizungumzia milipuko huhesabu wagonjwa na vifo, nami nimebaki na ile mikono ndani ya kanga. Mama yule alijinyima kitu anachokipenda kuliko chakula, kwa siku zote nilizokaa pale, bila polisi wala mgambo kumlazimisha.

Na si yeye peke yake. Stendi, sokoni, kanisani, benki, hata kwenye kijiwe cha bodaboda, kote kulikuwa na ndoo. Vijijini walitundika vibuyu chirizi, dumu la lita tano linalovutwa kwa kamba na kukanyagwa kwa mguu. Tarehe 2 Juni, baada ya kuhesabiwa siku 42 bila mgonjwa mpya, mlipuko ukatangazwa kwisha. Wagonjwa 9, vifo 6. Kwa ugonjwa ambao umewahi kuua karibu watu 9 kati ya kila 10 waliougua, kama ilivyotokea Angola mwaka 2004 na 2005, kuuzima kwa wagonjwa 9 ni kazi ambayo sijaona tukiipa heshima inayostahili.

Nilirudi Bukoba Novemba 2024, msimu wa senene. Kile kiti cha nondo kilikuwepo bado, safari hii nimekikuta stendi. Ndoo haikuwepo. Konda mmoja alikuwa ametundika koti lake juu yake.

Nilikwenda kula kwa mama lishe pale pale stendi, ndizi na maharage. Kwenye meza kulikuwa na beseni moja la plastiki lenye maji, na watu wanne walikuwa wameshanawa ndani yake kabla yangu. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Sabuni ilikuwepo, ya unga, kwenye kikopo kirefu chenye matundu, lakini niliangalia kwa makini: kila mtu alichovya mikono, akaikung'uta, akala, alipomaliza ndipo akachukua sabuni, akasugua, akasuuza, akanusa vidole, akaondoka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiangalia kila ninapokula, Mwanza, Dodoma, Dar, kwenye vibanda na kwenye migahawa yenye vitambaa vya meza. Ni hivyo hivyo. Sabuni tunaitumia baada ya kula, ili tusinuke samaki. Kabla ya kula tunagusa maji kama adabu. Mkono ule umetoka kushika bomba la daladala, noti za shilingi elfu moja zilizopita mikono mia, mpini wa mlango wa choo cha kulipia, na ndio unaokwenda mdomoni.

Kwa virusi kama vya Marburg, Ebola au korona, sabuni inafanya kazi ambayo maji peke yake hayawezi. Virusi hivi vimevikwa utando wa mafuta. Povu linaushambulia utando huo jinsi linavyoshambulia mafuta ya nyama kwenye sufuria. Utando ukipasuka, kirusi kimekwisha. Kwa kipindupindu kazi ni nyingine kidogo: sabuni na maji yanayotiririka vinakibandua kijidudu kwenye ngozi na kukipeleka chini. Ndiyo maana kampeni zetu zikaja na maneno "maji tiririka". Kwenye beseni hakuna kinachotiririka. Mtu wa tano anapewa alichoacha wa kwanza. Kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam Agosti 2015, kikasambaa mikoa mingi ya Bara na kuvuka hadi Zanzibar, kilikuwa ni kinyesi kilichopata njia ya kufika kwenye maji na chakula, basi.

Kinachoniuma ni kwamba maji tiririka hatukuletewa na mradi wowote. Nyumbani kwetu mgeni akiketi kula, mtoto wa nyumba huja na birika na beseni, akapiga goti, akammiminia. Maji ya mgeni hayarudiwi na mtu mwingine. Ndugu zetu Waislamu wanatawadha mara tano kwa siku kwa maji yanayomiminwa. Tulikuwa nayo haya. Ni biashara ya haraka ya stendi iliyotufikisha kwenye beseni la pamoja, na hakuna aliyesimama kusema hapana.

Sasa nije kwenye safari na utalii, maana hapo ndipo ninapoona hofu inapelekwa mahali pasipo pake.

Mdogo wangu ni dereva wa watalii Arusha. Mwaka 2014 Ebola ilikuwa Guinea, Liberia na Sierra Leone. Kutoka Monrovia hadi Madrid ni chini ya kilomita 4,000. Kutoka Monrovia hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 5,000. Hata hivyo wageni walighairi Serengeti, hawakughairi Hispania. Korean Air ilisimamisha ndege zake za Nairobi mwezi Agosti mwaka ule, wakati Kenya haikuwa na mgonjwa hata mmoja. Mdogo wangu alikaa nyumbani wiki baada ya wiki, gari limefunikwa turubai, kwa sababu ya ugonjwa uliokuwa mbali naye kuliko ulivyokuwa mbali na wale waliomkimbia.

Mwaka 2020 angalau kilichotokea kilikuwa cha dunia nzima. Mgonjwa wetu wa kwanza wa korona alitangazwa tarehe 16 Machi, msafiri aliyetua uwanja wa Kilimanjaro akitoka Ubelgiji. Watalii walioingia nchini walishuka kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867 mwaka 2020. Hizo ni namba za serikali. Kwa mdogo wangu zilikuwa na sura za watu. Wapagazi wa Mlima Kilimanjaro anaowafahamu, wale wanaoitwa wagumu, walirudi kwenye migomba ya wazazi wao. Mpishi aliyefanya naye kazi miaka minane alianza kuuza mkaa.

Kwa hiyo ninaelewa kwa nini viongozi wetu wanasita kutangaza ugonjwa. Naelewa, lakini sikubaliani nao. Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini walitangaza aina mpya ya kirusi cha korona, iliyokuja kuitwa Omicron, na ndani ya siku chache Uingereza, Marekani na nchi za Ulaya zikafunga milango kwa nchi za kusini mwa Afrika. Waliosema ukweli mapema waliadhibiwa. Rwanda ilipotangaza Marburg tarehe 27 Septemba 2024, Marekani ikawashauri raia wake wafikirie upya safari za kwenda huko, na mkuu wa taasisi ya Umoja wa Afrika ya kudhibiti magonjwa, Jean Kaseya, akapinga hadharani. Rwanda ilikuwa na wagonjwa 66, vifo 15, wengi wa walioambukizwa wakiwa wahudumu wa afya, na ikaumaliza mlipuko kabla ya Krismasi.

Hapa kwetu, katikati ya Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilisema lina taarifa za watu wanaoshukiwa kuwa na Marburg Kagera. Wizara ikasema sampuli zilizopimwa hazikuonyesha. Tarehe 20 Rais Samia, akiwa na mkuu wa shirika hilo, Tedros, alithibitisha mgonjwa mmoja. Ilikuwa Biharamulo. Mpaka mwisho walihesabiwa watu 10, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa kwa dalili zao, na wote 10 walifariki. Wananchi walikuwa wanasafiri kila siku kutoka Biharamulo kwenda Bukoba, Chato, Mwanza na Rusumo, na siku zile za mashaka wangepaswa kupewa kila kilichojulikana, pamoja na ndoo. Mwaka 2023 tulitangaza wazi, mapema, kwa jina la ugonjwa. Je, watalii walikimbia? Mwaka ule ule tulipokea watalii 1,808,205, zaidi ya mwaka wowote uliotangulia. Kila anayetaka kuficha ugonjwa ili kulinda utalii aanze kwa kunijibu kuhusu namba hiyo.

Na kile kipimajoto cha paji la uso tunachokipenda sana kwenye viwanja vya ndege? Kina kazi yake, sitaki kiondolewe. Lakini Marburg huweza kukaa mwilini siku 2 hadi 21 kabla ya homa kuanza. Mtu aliyeambukizwa wiki iliyopita atapita mbele ya kipimajoto akiwa mzima kabisa. Msafiri aliyeipeleka Ebola Dallas, Marekani, mwaka 2014 alipimwa joto Monrovia, akaonekana salama, akapanda ndege. Aliugua siku kadhaa baada ya kufika. Abiria wa ndege yake hawakuambukizwa. Walioambukizwa ni wauguzi wawili waliomhudumia hospitalini.

Ni hapo hapo kila mara: kitandani kwa mgonjwa, kwenye kuosha maiti, mikononi mwa muuguzi. Virusi hivi vinapita kwa majimaji ya mwili wa anayeumwa au aliyefariki. Mtalii anayepiga picha twiga yuko mbali navyo. Muuguzi wa zahanati ya kijijini aliye zamu peke yake usiku, bila glavu za kutosha, huku bomba limekauka tangu Jumanne, yuko navyo uso kwa uso. Nimewahi kumpeleka mtoto kwenye kituo kimoja cha afya, sitakitaja, nikamwona mhudumu akitoka kumfunga mgonjwa kidonda na kumimina maji ya kunywa ya chupa mikononi mwake, yake mwenyewe, aliyoyanunua dukani. Hakuwa mzembe. Hakuwa na maji mengine.

Kwa hiyo watu wakiniambia Watanzania hawana elimu ya usafi, ninakataa. Machi 2023 watu wa Kagera walinawa, wakaacha kushikana mikono, wakazika ndugu zao bila kuwagusa. Walijua, na walifanya. Ndoo ilikauka kwa sababu ilikuwa ya dharura: mradi ulipoisha hakukuwa na mtu wa kuijaza, wala fungu la kununua sabuni ya mche moja kwa wiki. Halmashauri inakusanya ushuru stendi kila siku, kwa kila basi. Sehemu ndogo ya ushuru huo inatosha kulipa mtu mmoja, maji na sabuni, mwaka mzima, mlipuko uwepo usiwepo. Hilo ndilo ninaloliomba, na nitaliomba kwa diwani, kwa mkurugenzi, kwa yeyote atakayenisikiliza.

Nilimuuliza yule mama lishe wa Bukoba kwa nini haweki ndoo yenye koki. Hakukasirika. "Mwanangu, niliyokuwa nayo ilivunjika koki," akasema, "na maji nanunua kioskini, dumu kwa dumu. Beseni linakula maji kidogo." Nikamwambia nitamletea ndoo. Akacheka, nadhani amesikia ahadi nyingi. Kesho yake nilimpelekea, pamoja na koki ya akiba na mche wa sabuni.

Mwezi uliopita shangazi alipita stendi akanipigia simu. Ndoo bado ipo, sabuni iko ndani ya wavu wa vitunguu, imefungwa mlangoni, upande wa kuingilia. Shangazi alitaka kupita moja kwa moja hadi mezani, mama lishe akamzuia na mwiko mkononi: "Sabuni kwanza, mama. Ndizi bado za moto, hazikimbii."