Sindano Ni Ileile, Acheni Kutuzuga

Nimeisikia tena wiki hii: eti sindano kavu, ile ya kutibu maumivu ya misuli, "haihusiani kabisa" na akyupancha, tiba ya sindano ya jadi ya Kichina; ya kwanza ni sayansi, ya pili ni imani. Haihusiani vipi, na sindano ni ileile? Nyembamba, unene wa robo milimita hivi, haina tundu, haipitishi dawa. Hilo "kavu" maana yake ni hiyo tu. Zichanganye mezani uone nani atakutajia ipi ni ya nani.

Tofauti ipo, haya, nakubali. Iko kwenye vidole vinavyotangulia. Wa sindano kavu hupapasa msuli akitafuta ukanda uliokaza, na ndani yake fundo ambalo likibonyezwa maumivu hukimbilia kwingine. La begani hupanda shingoni hadi kwenye panja. Huchoma hapo, akaipandisha na kuishusha sindano mpaka msuli uruke wenyewe, kisha mara nyingi huichomoa papo hapo. Wa akyupancha huuliza usingizi na choo, hutazama ulimi, hupima mapigo ya mikono yote miwili, ndipo achague nukta za kuchoma miongoni mwa 361 za mwilini, nyingine mbali kabisa na panapouma. Huisokota hadi mgonjwa ahisi uzito au ganzi, waiitayo de qi, akaiacha dakika 20 hadi 30. Ila na wao wana ashi, nukta za kuchoma palepale panapouma, zilizoandikwa na Sun Simiao, tabibu wa China, karne ya 7. Sasa huo ukuta mnaojenga umesimama wapi?

Kinachoniudhi hasa ni hili neno "salama zaidi" wanalolibandika sindano kavu. Chukua bega. Nukta iitwayo Jianjing iko katikati ya pingili ya saba ya shingo na ncha ya bega, juu ya msuli uleule ambao wa sindano kavu huukimbilia kila siku. Chini yake kuna kilele cha pafu. Ukiwa na sindano ya milimita 50 na mgonjwa mwembamba, ukaisukuma wima, umelitoboa, na pafu haliulizi una cheti gani. Kwa sindano kavu, msuli hubanwa kwa gumba na vidole, ukainuliwa utoke mbavuni, na ncha ikaelekezwa kwenye vidole hivyo vinavyoubana, kamwe si chini kifuani. Anayeogopa kujichoma mwenyewe huelekeza chini. Ndiko kunakoharibika.

Na pafu likitoboka halipigi kelele. Mgonjwa anaweza kuondoka akitabasamu, saa kadhaa baadaye kifua kikamchoma kila avutapo pumzi, akakohoa kikavu, akahema kwa kupanda ngazi tu. Aliambiwa msuli utauma siku moja au mbili, basi anavumilia. Asivumilie. Maumivu ya msuli hayakati pumzi. Aende hospitali akapigwe eksirei ya kifua, na aseme mlangoni kwamba alichomwa sindano begani, maana bila hilo daktari ataanza kutafuta kwingine.