Long Beach 1933: sheria kali ilipoishia

Saa 11:54 jioni ya Machi 10, 1933, tetemeko lenye ukubwa wa 6.4 lilipiga Long Beach, kusini mwa California, na kuua watu wapatao 120. Shule 70 hivi zilibomoka. Wanafunzi walikuwa wamesharudi nyumbani. Lingepiga saa chache mapema, ingekuwa habari nyingine kabisa.

Kuta za shule nyingi zilikuwa za matofali bila nondo, yaliyoshikizwa kwa chokaa dhaifu, wala hazikufungwa vizuri kwenye paa. Ardhi ilipoyumba, ukuta ulianguka nje na paa likakosa pa kuegemea.

Mwezi mmoja baadaye, Aprili 10, ikapitishwa Sheria ya Field: ramani ya kila shule ya umma iidhinishwe na jimbo, na ujenzi uwe na mkaguzi wa kuufuatilia tangu mwanzo hadi mwisho. Kwangu mimi, mkaguzi huyo ndiye roho ya sheria. Ramani nzuri haimzuii mkandarasi kupunguza nondo. Anayemzuia ni mtu anayezihesabu kabla zege halijamwagwa.

Wanaoilalamikia husema inachelewesha na kupandisha gharama. Wana hoja, tena nzito kuliko watetezi wanavyokubali: jengo jipya likisubiri idhini, watoto wanaendelea kusomea la zamani. Na majengo ya zamani ndiyo sheria iliyaacha pembeni mwanzoni. Mengine yalitumika kwa miongo kadhaa. Shule binafsi nazo haikuzigusa. Majengo yasiyo ya shule za umma yalipata Sheria ya Riley ya mwaka huohuo, iliyodai yahimili msukumo wa kando wa asilimia 2 tu ya uzito wake. Kidogo mno.

Tetemeko la Kern County, California, la 1952 liliwapa watetezi ushahidi: shule za zamani ziliumia vibaya, zile za Sheria ya Field zikapona kwa madhara madogo. Mtu anaweza kusema zilipona kwa sababu zilikuwa mpya. Sawa, lakini upya hauongezi nondo.

Udhaifu wa kweli ulijitokeza katika tetemeko la Northridge, Los Angeles, Januari 17, 1994. Majengo ya shule yalisimama, ila katika baadhi ya madarasa taa za dari ziliporomoka juu ya madawati. Ilikuwa saa 10:31 alfajiri, siku ya mapumziko.